Ukiitiwa fungu la jahazi, kagua ngama kabla ya daftari

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mazao, hisa na hati fungani. Wiki hii tunashuka gatini. Sababu yenyewe ni msomaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa sementi na mabati, aliyefika ofisini na rasimu ya mapatano mkononi. Ameitwa anunue robo ya jahazi la tani 30 linalofanya safari za Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia. Mwenye jahazi ni rafiki yake wa siku nyingi, maneno yao ni mazuri, na hesabu aliyooneshwa inasema fedha yake itarudi katika miaka miwili. Fedha yenyewe si ya duka. Ni kiinua mgongo cha mkewe, aliyestaafu ualimu. "Nisaidie, mwanangu," aliniambia, "nitie saini au nisitie?"

Swali hilo wanajiuliza watu wengi wa mwambao kuliko inavyodhaniwa. Mwenye akiba ndogo hawezi kununua lori, kiwanja cha mjini kimemshinda bei, na riba ya akaunti ya akiba haimridhishi. Jahazi analiona kwa macho yake: linapakia, linatweka, linarudi. Nahodha ni mtu wa mtaani, msikitini wanaonana. Ndiyo maana fungu la jahazi huuzwa kwa mdomo, barazani, bila waraka wa matarajio wala mkaguzi wa hesabu. Tujaribu basi kuuandika hapa ule waraka ambao muuzaji hakuuandika.

MALI INAYOLIWA JUU NA CHINI

Jahazi la ukubwa wa kati tunalolizungumzia si dau wala ngalawa ya mvuvi, na wala si yale majahazi makubwa ya Kuwait na Oman yaliyokuwa yakifika hapa na kaskazi na kuondoka na kusi. Ni chombo cha mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu, chenye kubeba tani 20 hadi 50, kinachotembea bandari kwa bandari bila kwenda mbali sana na pwani. Mkuku na mataruma huchongwa kwa miti migumu iliyojipinda yenyewe shambani au mikokoni: mwembe, mfenesi, mkomafi, mlilana. Mbao za ubavu hutegemea mfuko wa mwenye chombo, kuanzia msaji na mvule kushuka hadi mbao za bei nafuu. Foromali aghalabu ni mvinje.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtambo huchakaa kwa kutumika. Jahazi halifuati somo hilo. Likisafiri linachakaa, likisimama linachakaa zaidi. Chini ya mstari wa maji yuko kiumbe wa jamii ya kombe, mwenye umbo la mnyoo, anayeingia katika ubao kwa tundu dogo mno akiwa mchanga, kisha akakua humo ndani huku akila. Nje ubao unaonekana mzima, ndani ni sega la nyuki. Juu ya mstari wa maji adui ni mwingine, naye ni mvua. Wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao. Kinyume chake ndicho kweli: chumvi huzuia kuvu, bali maji baridi ya mvua yakituama penye maungio yanaozesha taratibu. Mabaharia wa zamani ndiyo maana humwagia sitaha maji ya bahari asubuhi na jioni. Kwa kufanya hivyo mbao hubaki zimevimba, mishono haifunguki kwa jua, na mvua haipati pa kukaa. Aidha kuna misumari. Msumari wa chuma ukishika kutu hula ubao unaouzunguka, na baada ya muda ubao unakuwa umeshikwa na mazoea tu.

Kinga ya mambo haya inajulikana tangu enzi za mababu. Mishono hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta hupigwa kwa patasi mpaka ishibe. Mbao za juu hupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake hukutangulia gatini. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Siku hizi wengine hutumia rangi ya dukani yenye sumu ya kuzuia viumbe, ambayo ni ghali lakini hukaa muda mrefu zaidi. Deheni haidumu. Kila baada ya miezi miwili mitatu jahazi halina budi kupandishwa mchangani, likwanguliwe, lichomwe chini kwa moto wa makuti, lipakwe upya.

Hapo ndipo kalenda ya mwezi inapoingia katika hesabu za biashara, na ni jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha uhasibu. Mwambao wetu una tofauti kubwa kati ya maji kupwa na maji kujaa, kiasi cha mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Katikati yake ni maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Jahazi hupandishwa maji yakijaa, yakapwa likabaki kavu, mafundi wakaingia kazini. Sasa, ukilipandisha siku ya kilele cha bamvua, kesho yake maji yatapanda pungufu, na keshokutwa pungufu zaidi. Kazi isipokwisha kwa wakati, bahari haitalifikia tena jahazi lako. Litakaa mchangani mpaka bamvua ijayo, kwa gharama zako.

Ninalisema hili kwa sababu limenipata. Mwaka niliomaliza shahada, mimi na ndugu zangu wawili tulikuwa na theluthi ya mashua moja. Ilipandishwa siku ya kilele, kosa la kwanza. Fundi akakuta pamba haitoshi, kwa kuwa kila mshirika alidhani mwenziwe ameshanunua. Ilipopatikana, maji yalikuwa yamekwisha kushuka. Tulikaa mchangani siku 13. Mwenye shehena ya sementi ya kwenda Mafia alitusubiri siku nne, akaipeleka chombo kingine, na hakurudi kwetu tena. Mabaharia walikula chakula chetu siku zote hizo, na jua likafungua mishono ya juu ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa. Pamba iliyopungua thamani yake haikufika bei ya mfuko mmoja wa sementi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si "jahazi linaingiza kiasi gani?" Ni "nani mwenye mamlaka ya kununua pamba bila kuitisha kikao?"

SAFARI NGAPI KWA MWAKA?

Tanga la pembe tatu huenda vizuri sana upepo ukiwa nyuma au ubavuni. Kwenda joshi, yaani kuukaribia upepo, linaweza kwa kiasi, lakini kubisha ni kazi ya jasho. Ili kugeuza upande, foromali lote halina budi kuhamishwa kwenda upande wa pili wa mlingoti, na kwa kawaida nahodha huzungusha jahazi kwa kuupa upepo mgongo badala ya kuukabili. Kila mzunguko hupoteza masafa yaliyopatikana kwa shida. Kwa ajili hiyo mwaka wa jahazi hugawanywa na pepo, si na robo za hesabu za serikali.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, na huwa na nguvu zaidi katikati ya kipindi hicho. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ni laini zaidi. Kati ya misimu hii kuna matlai na siku za shwari. Juu ya hayo, mkondo wa bahari katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi kasi. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar au Tanga wakati wa kusi anasukumwa na upepo na mkondo pamoja. Anayetaka kwenda Mafia au Kilwa wakati huohuo anapingwa na vyote viwili. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni kama maili 40 za baharini, zaidi kidogo ya kilomita 70. Kwa upepo mzuri wa kukupa maili 5 kwa saa ni safari ya saa 8. Upepo ukilegea ukabaki na maili 2 kwa saa, ni saa 20, na bado hujahesabu kusubiri maji yajae ili uingie.

Nikarudi kwenye karatasi ya msomaji wetu. Aliyeiandika alisema safari moja ya kwenda na kurudi, pamoja na kupakia na kushusha, ni siku 12. Akagawa 365 kwa 12, akapata safari 30. Nilimwomba msomaji tuondoe pamoja siku ambazo jahazi haliwezi kufanya kazi. Tukakadiria siku 90 za kusi kali na masika, siku 40 za kupandishwa mchangani na matengenezo makubwa, na siku 20 za sikukuu na kukosa shehena. Zikabaki 215, ambazo ni safari 17 na ushei. Makadirio hayo ni yetu sisi wawili mezani, na nahodha mzoefu wa njia ile anaweza kuyasahihisha. Lakini hakuna nahodha atakayekubali 30.

Jahazi likifika Mafia na sementi na mabati, litarudi na nini? Nazi na samaki wakavu vina msimu wake. Likirudi na farumi ya mchanga, nauli ya kwenda peke yake ndiyo inayolipia njia zote mbili. Mwenye jahazi mjanja humfahamu kila mwenye shamba la minazi kisiwani kwa jina, na ujuzi huo hauandikwi popote katika orodha ya mali.

MABAHARIA HAWANA MSHAHARA, LAKINI WANALIPWA

Katika karatasi ile kulikuwa na mstari usemao: "Mishahara: hakuna." Mstari huo ni wa kweli na unapotosha. Mabaharia wa jahazi kwa desturi hawalipwi mshahara wa mwezi, wanagawana. Nauli ikipokelewa, kwanza hutolewa matumizi ya safari: chakula, maji, ushuru wa bandari, wapagazi. Kinachobaki hugawanywa kati ya chombo na watu. Kila mahali pana mgawo wake. Nusu kwa nusu ni mpango unaofahamika sana, na upande wa watu nahodha huchukua mafungu mengi kuliko baharia. Matengenezo ya chombo hutoka katika nusu ya chombo.

Tuchukue mfano wa sh. 100 za nauli. Tuseme matumizi ya safari ni 25, zinabaki 75. Nusu ya watu ni 37.50, nusu ya chombo ni 37.50. Katika nusu ya chombo tuweke 15 kwa ajili ya deheni, pamba, tanga, kamba na mbao za kubadilisha. Zinabaki 22.50. Robo yake ni sh. 5.60 hivi. Karatasi ya msomaji wetu ilichukua robo ya 75, yaani 18.75, kwa kuwa "mishahara hakuna" na kwa kuwa jahazi "limekalafatiwa juzi tu." Zidisha 18.75 kwa safari 30, kisha zidisha 5.60 kwa safari 17, ulinganishe. Tofauti ni karibu mara sita. Miaka miwili ya kurudisha fedha imekuwa kumi na miwili, na katika miaka kumi na miwili mbao nyingi za chini zitakuwa zimekwisha kubadilishwa.

Sidhani rafiki yake alikusudia kumdanganya. Watu wengi wa gatini huweka hesabu ya safari moja moja vizuri kabisa. Hesabu ya mwaka ndiyo hawana.

Mfumo huu wa kugawana una faida yake kwa mwenye mtaji: safari isipolipa, hadaiwi mishahara. Hasara inagawanywa, mmoja amepoteza fedha na mwingine jasho. Lakini mabaharia wanapokosa mgawo, mtu lazima alishe nyumba zao, na mtu huyo huwa ni mwenye chombo au nahodha kwa njia ya mkopo. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 hadi 1939 na jahazi la Kuwait lililokuja hadi Zanzibar na delta ya Rufiji. Katika kitabu chake cha 1940, Sons of Sindbad, alieleza jinsi mabaharia walivyokuwa na madeni kwa nahodha, na nahodha kwa wafanyabiashara wa kwao. Mnunuzi wa fungu na aulize deni hilo liko kiasi gani na ni la nani, kwa maana mikopo kwa mabaharia ni mali katika daftari la muuzaji, na si rahisi kuikusanya.

JINA LA NANI LIKO KWENYE USAJILI?

Katika mapokeo ya sheria ya Uingereza, ambayo nchi nyingi zilizotawaliwa nayo zilirithi, umiliki wa meli hugawanywa katika hisa 64. Sheria haikukusudia kampuni. Ilikusudia watu hasa kama hawa wetu, wenzi wanaomiliki chombo kimoja kwa mafungu. Robo ya meli kwa lugha hiyo ni hisa 16, na jina la mwenye hisa huandikwa kwa msajili. Fungu linalouzwa barazani haliandikwi popote. Ukiuliza utaambiwa, "Sisi tunajuana." Siku mwenzenu akifariki, warithi wake hawakujui.

Kwa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa vyombo uko chini ya TASAC, shirika lililoanza kazi mwaka 2018 na kuchukua shughuli za majini zilizokuwa za SUMATRA. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini, iliyoundwa mwaka 2009, na Kenya ina ya kwake. Nenda ukaangalie. Si ajabu kukuta chombo kiko kwa jina la marehemu, au cheti cha ukaguzi kimekwisha muda, au tani zilizoandikwa ni pungufu ya zile zinazopakiwa. Tangu kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, na MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, habari ya kujaza kupita kiasi si jambo la kufumbiwa macho. Mwenye fungu aliyeridhia jahazi la mizigo lipakie abiria juu ya magunia anatia mali yake na maisha ya watu katika bahati nasibu.

Jambo jingine ambalo wenye mafungu wengi hawalijui: madai ya mabaharia kuhusu ujira wao hukifuata chombo chenyewe, na kwa kawaida hutangulia hata rehani ya benki. Ukinunua robo leo, unanunua na robo ya madeni hayo.

NANI ANALIPA MAGUNIA YALIYOTUPWA?

Hapa ndipo msomaji wetu alipokaa vizuri kitini, kwa kuwa yeye amekuwa mwenye shehena miaka mingi kabla ya kufikiria kuwa mwenye chombo.

Jahazi likipatwa na dhoruba, nahodha anaweza kuamuru sehemu ya shehena itupwe baharini ili chombo na mali iliyobaki vipone. Desturi ya bahari, ya zamani kuliko mataifa yetu yote, inasema hasara hiyo haimwangukii mtu mmoja. Inagawanywa kwa wote walionusurika, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Tuseme jahazi lina thamani ya milioni 40, sementi ya A milioni 30, mabati ya B milioni 20, na mchele wa C milioni 10. Jumla ni milioni 100. Mchele wote umetupwa, hasara ni milioni 10, sawa na sehemu moja ya kumi ya vyote. Basi mwenye jahazi analipa milioni 4, A milioni 3, B milioni 2, na C mwenyewe anabeba milioni 1. C anapokea 9 badala ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa jiweke upande wa mwenye robo: ile milioni 4 robo yake ni yako, ijapokuwa jahazi halikupata hata mkwaruzo. Na kama ilithibitika kwamba hatari ililetwa na makosa ya chombo, kwa mfano kilipakiwa kupita kiasi au kilitoka kikiwa kinavuja, wenye mali wanaweza kukataa kuchangia na kuwadai ninyi.

Bima inaweza kupunguza mzigo huo, lakini haiji kirahisi kwa chombo cha mbao cha matanga. Kampuni itataka mkaguzi akione kwanza. Sheria ya bima ya baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, iliyoigwa na nchi nyingi, inachukulia kwamba katika bima ya safari chombo kilikuwa kizima na tayari kwa bahari wakati safari inaanza, hata kama maneno hayo hayakuandikwa. Kisipokuwa hivyo, dai linaweza kuanguka. Tunarudi palepale kwenye pamba na deheni. Daftari la matengenezo, lenye tarehe na risiti, ni hati ya bima kabla ya hati ya bima.

INJINI NA PLASTIKI

Wapo watakaosema matatizo ya upepo yamekwisha, tia injini. Majahazi mengi yameshatiwa. Injini hukupa ratiba, nayo ina thamani kwa mwenye shehena inayoharibika. Lakini inakula nafasi ya mzigo, inakula dizeli hata nauli ikishuka, na mtikisiko wake hulegeza mishono ya chombo kilichochongwa kwa ajili ya tanga. Maoni yangu ni kwamba injini ndogo ya kuingilia na kutokea bandarini ina maana. Injini ya kwenda safari nzima inataka umbo lingine la chombo.

Kuhusu plastiki, Lamu mafundi walijenga Flipflopi, chombo cha mita 9 kwa tani kama 10 za taka za plastiki, kikavishwa kandambili zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar. Kilijengwa kwa kampeni ya mazingira na hakikuwa cha kubeba sementi. Hata hivyo mwenye kununua mbao ngumu leo ataelewa kwa nini mafundi wanatazama upande huo. Boti za fibaglasi za matembezi, kama zile za futi 30 zinazopatikana kwa wingi Ulaya na Marekani zikiwa zimetumika, haziliwi na wadudu, lakini hazikuumbwa kubeba mzigo. Kwa mfanyabiashara hayo ni matumizi ya nyumbani, hesabu yake haihusiani na ukurasa huu.

Lipo jambo moja linalompa msomaji wetu nafasi nzuri kuliko mnunuzi wa kawaida: sementi na mabati ni vyake. Jahazi ambalo mmoja wa wenyewe analijaza njia ya kwenda lina uhakika ambao wengine hawana. Ila asijidanganye, nauli anayojilipa inatoka mfuko wake wa kushoto kwenda wa kulia, na robo tatu ya nusu ya chombo inabaki kwa wengine. Nilimwambia alinganishe na njia ya pili, kumlipa nahodha sehemu ya nauli mapema kabla ya msimu wa kaskazi ili apate bei nafuu na nafasi ya uhakika, bila kumiliki hata ubao mmoja. Kwa mtaji mdogo zaidi angepata karibu manufaa yaleyale ya dukani. Alinisikiliza, lakini niliona macho yake. Mtu akishapenda jahazi, amependa.

Tukakubaliana basi asitie saini mpaka bamvua, jahazi likipandishwa, akalitazame yeye mwenyewe akiwa na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Alikwenda. Kwa simulizi yake, juu mambo yalikuwa safi na rangi mpya inang'aa. Fundi akamwambia, "Mzee, hapa juu tumeshaona, tushuke ngamani." Wakafua maji yaliyokuwemo, wakasubiri saa nzima jahazi likiwa bado linaelea kuona kama yanarudi, na hayakurudi. Dalili njema. Kisha fundi akachoma kwa kisu ubao mmoja mmoja kuanzia mkukuni. Wa kwanza na wa pili viligonga kama jiwe. Wa tatu upande wa kushoto kisu kiliingia mpaka mpini.

Mwenye jahazi hakubisha. Alisema alikuwa anajua kuna ubao mmoja, hakujua ni laini kiasi kile. Mapatano mapya yanaandikwa: mbao nne zibadilishwe kwa gharama za muuzaji kabla ya mauzo, hisa 16 ziandikwe kwa msajili kwa jina la mke wa msomaji wetu, madeni ya mabaharia yaorodheshwe, na sehemu ya chombo katika kila nauli ikatwe akiba ya matengenezo kabla ya mtu yeyote kugusa faida, fedha hiyo ikae kwa mtunza hazina mmoja mwenye ruhusa ya kununua pamba bila kumuuliza mtu. Bei bado wanavutana. Mwezi unaandama wiki ijayo, na kiinua mgongo kingali benki.